SHAYIRI SHAMBANI, MIZANINI NA JIKONI

(Maelezo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya nyanda za juu)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya zao la shayiri. Nilipopewa mada hii niliuliza kama inatakiwa hotuba ya bwana shamba au ya mkaguzi, nikajibiwa kwamba bwana shamba mnakutana naye kila mara, lakini mkaguzi huja siku ya mashaka tu. Basi nitajitahidi kuzungumza kama mkaguzi. Hata hivyo sitaweza kuanzia kwenye madaftari, kwa sababu ugomvi mwingi wa shayiri niliokuta katika vitabu vya vyama ulianzia shambani, miezi mitatu minne kabla ya katibu kuandika stakabadhi ya kwanza.

Shayiri ni nafaka ya ukoo mmoja na ngano, nayo ni miongoni mwa nafaka za kwanza kabisa kulimwa na binadamu, huko Mashariki ya Kati, yapata miaka 10,000 iliyopita. Katika Babeli ya kale ujira na madeni vilihesabiwa kwa vipimo vya shayiri, kwa hiyo twaweza kusema kwamba hesabu za shayiri zina umri mkubwa kuliko sarafu yenyewe. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba Ruthu aliokota masazo ya shayiri huko Bethlehemu, na kwamba mikate mitano ya yule kijana kando ya ziwa ilikuwa mikate ya shayiri. Waislamu nao wanajua kwamba pishi ya shayiri imo katika vipimo vya Zaka ya Fitri. Nayataja haya kwa kuwa katika vyama vyetu nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba shayiri si chakula, ni pombe. Nitalirudia neno hilo baadaye.

Leo shayiri ni nafaka ya nne duniani kwa wingi wa mavuno, baada ya mahindi, ngano na mpunga. Sehemu kubwa hulishwa mifugo, sehemu ndogo zaidi hufanywa kimea, na iliyo ndogo kabisa huliwa na watu. Huku kwetu, iwe Karatu, Monduli na Siha, au ng'ambo ya mpaka huko Mau Narok, Timau na Uasin Gishu, imelimwa hasa kwa ajili ya kimea cha bia. Hapo ndipo palipo na hatari. Mkulima wa mahindi ana wanunuzi wengi, na akiwakosa wote anasaga unga. Mkulima wa shayiri kwa kawaida ana mnunuzi mmoja, mwenye mkataba mmoja na maabara moja. Akikataliwa mlangoni hana pengine pa kwenda, na wala nyumbani kwake hakuna ajuaye kuipika. Mkopo wa pembejeo unabaki palepale, na jina lililoandikwa juu ya mkopo huo, ndugu makatibu, mara nyingi ni la chama.

Juu ya shamba nitapita haraka. Shayiri hupenda ubaridi. Katika nchi zetu hustawi kuanzia mwinuko wa meta 1,500 hivi, na Ethiopia hulimwa hata kupita meta 3,000, mahali ambapo mahindi hayathubutu. Hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne na nusu kwa kutegemea mbegu na baridi ya mahali. Hustahimili chumvi ya udongo kuliko nafaka nyingine, lakini haivumilii maji yaliyotuama, wala udongo wenye tindikali nyingi. Mkiona kipande cha shamba ambacho ngano imesimama vizuri na shayiri iliyo jirani imegeuka manjano na kudumaa, pimeni udongo kabla ya kuilaumu mbegu. Kilo 30 hadi 40 za mbegu zatosha ekari moja, katika mistari iliyoachana sentimita 20 na kina cha sentimita 3 hadi 5.

Mbegu inunuliwe iliyothibitishwa. Wapo wanaoona huo ni ushauri wa wauza mbegu, lakini kuna sababu. Ugonjwa wa fugwe, ule unaogeuza suke zima kuwa masizi meusi, hujificha ndani ya punje. Mkulima aliyeweka mbegu yake mwenyewe kutoka shamba lenye fugwe hataona dalili yoyote akiitazama kiganjani; ataiona masuke yakichomoza, na wakati huo hakuna dawa. Vidukari navyo vichungwe tangu mimea ikiwa michanga, kwa maana hueneza virusi vinavyodumaza mmea na kuyageuza majani rangi ya manjano. Kwelea kwelea mnawajua kuliko mimi.

Wakati wa kupanda upangwe kwa kuhesabu kutoka mwishoni: jiulizeni kwanza mvua hukatika lini mahali penu, kisha rudini nyuma, ili suke likauke katika jua. Shayiri iliyokomaa ikinyeshewa huweza kuanza kuota ikiwa bado juu ya bua, na iliyokwisha kuota hivyo haifai tena kimea.

Sasa nije kwenye mbolea, ambapo mwanachama hodari ndiye anayeponzwa. Tumezoea kufundishwa kwamba mbolea ikiongezwa mavuno huongezeka, na kwa mahindi ni kweli kwa kiasi kikubwa. Shayiri ya kimea ina sharti jingine. Wanunuzi wengi hawataki protini ipite asilimia 11.5 au 12 ya punje, kwa sababu protini ikizidi wanga hupungua, na wanga ndio unaotoa sukari ya kutengenezea bia. Naitrojeni nyingi, hasa ikitiwa kwa kuchelewa, hupandisha protini. Aidha hurefusha bua likashindwa kubeba suke, shamba likalala chini kabla ya mavuno. Shamba lililotoka kulimwa maharage, au lililokuwa boma la ng'ombe, lina naitrojeni yake tayari. Kuliongezea mbolea ya kukuzia ni kununua hasara kwa mkopo. Na hata aliyepima vyema huweza kupata protini ya juu endapo ukame utaingia punje zikiwa zinajaa. Hilo si kosa la mtu, nalo lafaa kuwamo katika mkataba.

Nilipata kukagua chama kimoja ambacho wanachama walikopeshwa mbolea ya kukuzia kwa kiwango kile kile cha mahindi, kwa kuwa ofisi ilitumia fomu za maombi za msimu uliotangulia bila kubadili chochote isipokuwa jina la zao. Shayiri ikapendeza mpaka wageni wakaletwa kuitazama. Lori la kwanza likarudishwa kwa ajili ya protini, na la pili likarudishwa pia. Wanachama walisema mashine ya mnunuzi ni ya uongo. Huenda walisema kweli, huenda hawakusema kweli. Nilipoomba sampuli ya chama ili ipimwe mahali pengine, haikuwapo. Chama hakikuwa na hata punje moja ya ushahidi. Deni la mbolea lilikuwamo katika leja, limeandikwa vizuri sana, kwa wino wa bluu.

Ndugu makatibu, jambo la pili ambalo halina mfano katika mahindi ni hili: anayepokea shayiri ya kimea anapokea kitu kilicho hai. Kiwandani punje huloweshwa hadi karibu nusu ya uzito wake iwe maji, huachwa ziote kwa siku nne au tano, kisha hukaushwa kwa moto. Wakati wa kuota ndipo punje inapotengeneza vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari. Punje iliyokufa haioti, na isiyoota si kimea, hata kama ni nene na inang'aa kama dhahabu. Kwa sababu hiyo mnunuzi hutaka zaidi ya punje 95 katika kila 100 ziwe hai. Punje huuawa kwa njia nyingi za kimyakimya: kombaini iliyofungwa vibaya ikaipasua, mrundiko wenye unyevu uliopata joto usiku kucha, mashine ya kukaushia iliyotiwa moto kupita kiasi, au dawa ya kuua magugu iliyonyunyizwa juu ya shamba bichi ili likauke upesi. Njia hii ya mwisho nimeisikia ikisifiwa kama ujanja wa kisasa. Kwa shayiri ya kimea isikubaliwe kabisa.

Kipimo cha uhai hakihitaji maabara. Hesabuni punje 100 bila kuchagua, zitandazeni juu ya kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa, zifunikeni, ziwekeni kivulini kwa siku tatu, kisha hesabuni zilizotoa mzizi. Kitambaa kiwe chepechepe tu, kwani shayiri ikizamishwa katika maji hukosa hewa ikafa, na kipimo kitawadanganya. Lipo pia jambo moja linalowatia watu hofu bure. Shayiri iliyotoka kuvunwa huwa imelala. Kwa majuma kadhaa hugoma kuota ingawa ni nzima. Katibu akipima siku ya tatu baada ya mavuno akapata 50, asiitishe mkutano wa dharura. Apime tena baada ya mwezi, na aandike tarehe zote mbili.

Nimefika kwenye unyevu, na hapa naomba subira yenu, kwa sababu nimeona makatibu waaminifu wakiitwa wezi kwa kukosa hesabu hii. Shayiri ya kuwekwa ghalani isizidi unyevu wa asilimia 13. Tuseme chama kimepokea kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 18. Ndani yake nafaka kavu ni kilo 820, na zilizobaki ni maji. Ikianikwa mpaka asilimia 13, zile kilo 820 zitakuwa sehemu 87 katika kila 100 za uzito mpya. Gawanyeni 820 kwa 0.87: mtapata kilo 942 na ushei. Kilo 57 na kitu zimekwenda hewani, na hakuna aliyeziiba. Lakini kama stakabadhi ya mwanachama inasema kilo 1,000, na hati ya mnunuzi inasema 942, na hakuna mahali palipoandikwa unyevu wa siku ya kupokea, mkutano mkuu utawauliza ninyi, na hewa haitakuja kujibu. Kwa hiyo stakabadhi ya shayiri iwe na nafasi tatu: uzito, unyevu, na uzito uliorekebishwa. Mwanachama aelezwe hesabu hiyo siku anapoleta, akiwa amesimama mbele ya mizani.

Nikiwa bado mizanini, acheni mazoea ya debe. Debe la lita 20 la ngano kavu lina uzito wa kilo 15 hivi. La shayiri, kwa ajili ya kumvi zake, halifiki kilo 13. Anayepokea kwa debe na kuuza kwa kilo atapata upungufu kila msimu, na kila msimu atamshuku mlinzi.

Halafu suala la kuchanganya. Ni rahisi kumwaga shayiri ya wanachama tisa katika lori moja, na nauli hupungua. Lakini gunia la mmoja lililo na unyevu au punje zilizopasuka huwapunguzia bei wote tisa, na yule aliyejitahidi hapati tofauti yoyote na yule aliyezembea. Msimu unaofuata atakuwa amejifunza kuzembea. Nashauri kila shehena ya mwanachama ipewe namba, ichomwe kwa bambo katika magunia kadhaa, ya juu, ya kati na ya chini, na sampuli ichanganywe na kugawanywa mara tatu. Moja aende nayo mnunuzi, ya pili ibaki katika ofisi ya chama, na ya tatu itunzwe na mtu ambaye pande zote mbili zimekubaliana naye kwa maandishi. Zote zitiwe lakiri mbele ya mwanachama, naye aweke saini au dole gumba. Kazi hii itawachukua robo saa kwa kila mwanachama. Najua foleni ya siku ya kupokea jinsi ilivyo ndefu, na bado nasema robo saa.

Mkataba wenyewe usomwe katika mkutano mkuu kwa Kiswahili, na usisomwe kichwa tu. Yatafutwe ndani yake majibu ya maswali ambayo huulizwa baadaye kwa kelele: Nani anapima, na nani anashuhudia? Shehena ikikataliwa, nauli ya kurudi ni ya nani? Iko bei ya daraja la chini, au kuna kukubaliwa na kukataliwa basi? Mnunuzi akiamua msimu ujao kutonunua, atatoa taarifa kabla ya kupanda au baada yake? Na pale chama kinapokopa pembejeo kwa niaba ya wanachama, kiasi hicho kiwe ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kukubaliwa na Mrajis. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 haikuwekwa ili kuwachelewesha. Mkopo uliopita ukomo ndio unaouza ghala la chama.

Sasa nirudi kwa wale wasemao shayiri si chakula. Katika nyanda za juu za Ethiopia ni chakula cha kila siku. Huko punje zilizokaangwa, ziitwazo kolo, hutafunwa safarini kama sisi tutafunavyo karanga. Na unga wa shayiri iliyokaangwa, uitwao beso, hukorogwa kwa maji au siagi ukaliwa bila kupikwa tena. Tibet vilevile watu wameishi kwa unga wa shayiri iliyokaangwa kwa karne nyingi. Na katika pwani yetu ya Afrika Mashariki uji wa shayiri si mgeni, hasa katika mwezi wa Ramadhani.

Kuhusu lishe, gramu 100 za shayiri iliyotolewa kumvi tu, bila kusuguliwa ikawa nyeupe, zina protini gramu 12 hivi na nyuzinyuzi gramu 17 hivi. Mchele mweupe wa uzito huo huo haufiki hata gramu 2 za nyuzinyuzi. Miongoni mwa nyuzi za shayiri umo utomvu uitwao betaglukani, ambao huyeyuka tumboni, ukapunguza kasi ya sukari kuingia katika damu na kusaidia kushusha lehemu. Mwaka 2006 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu vyakula vya shayiri vitangazwe kwamba husaidia kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, kwa mtu anayepata gramu 3 za betaglukani kwa siku katika mlo usio na mafuta mabaya mengi. Kwa wazee wetu wenye kisukari, ambao sasa wako katika kila kijiji, hili si jambo dogo. Ila asiache mtu dawa zake kwa sababu ya hotuba yangu.

Upungufu wake pia usemwe. Kama nafaka nyingine, protini ya shayiri ina uhaba wa laisini. Kwa hiyo iliwe pamoja na maharage, kunde au maziwa. (Mwaka 1970 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba wameona aina moja ya shayiri ya Ethiopia yenye laisini nyingi kuliko kawaida. Dunia ikafurahi, lakini mbegu zilizozalishwa kutokana nayo hazikufua dafu kwa mavuno.) Halina vitamini A wala C ya kutegemea, basi mboga za majani zisikosekane. Na wale wachache ambao matumbo yao hayapatani na gluteni ya ngano, wasidhani shayiri itawafaa, nayo inayo.

Kazi kubwa ni kutoa kumvi, maana zimeshikamana na punje kuliko za ngano. Nyunyizeni maji kidogo, acheni nusu saa, kisha twangeni kinuni na kupepeta, mrudie mpaka kiini kionekane; au pelekeni kwenye mashine ya kukoboa iliyolegezwa. Punje zilowekwe usiku, zichemshwe kwa maji mara tatu ya ujazo wake kwa muda wa saa moja hivi, na huliwa mahali pa wali au hutiwa katika supu ya mifupa. Unga wake hufanya uji mzuri. Kwa mkate au chapati, sehemu moja ya shayiri kwa tatu za ngano, kwani peke yake haiumuki vizuri. Pumba na punje ndogondogo wapewe ng'ombe zikiwa zimeparazwa, kidogo kidogo mpaka wazoee. Kuku wapewe kwa kiasi, kwa kuwa utomvu ule ule huwafanya wapate kinyesi cha kunata.

Kuna jambo moja sitalipita haraka. Shayiri inayoliwa ni ile iliyovunwa kwa kuuzwa. Mbegu iliyotiwa dawa, ile yenye rangi nyekundu au ya waridi, haioshwi ikawa chakula. Mwishoni mwa mwaka 1971 mbegu za ngano na shayiri zilizotiwa dawa ya zebaki ziligawiwa kwa wakulima wa Iraki. Ziliwafikia wengi msimu wa kupanda ukiwa umekwisha kupita, na njaa iko mlangoni. Maandishi ya onyo juu ya magunia yalikuwa ya lugha za kigeni. Baadhi ya watu waliosha rangi, wakaona maji yametoka mekundu, wakadhani sumu imetoka nayo. Wakasaga, wakaoka mikate. Madhara hayakuonekana mpaka baada ya majuma kadhaa. Waliolazwa hospitalini walikuwa 6,530, na 459 kati yao walifariki humo. Dawa ile haitumiki tena kwa mbegu, lakini zitumikazo leo nazo ni sumu. Hivyo ghala la mbegu liwe na kufuli yake na ufunguo wake. Mbegu itolewe karibu na siku ya kupanda, kwa kiasi cha ekari zilizoandikishwa, na iliyobaki irudishwe kwa hesabu. Na onyo liandikwe kwa Kiswahili, na katibu alisome kwa sauti, maana si kila anayepokea gunia anajua kusoma.

Ndugu Mwenyekiti, nimeleta mabambo mawili, kipima unyevu kimoja, na nakala za stakabadhi yenye zile nafasi tatu. Baada ya chai makatibu waje mmoja mmoja wajaribu, wakianza na wa vyama vya mbali ambao wana gari la kuwahi. Wale ambao mikataba yao ya msimu huu bado haijapigwa muhuri, naomba waniachie nakala leo. Nitazirudisha Ijumaa zikiwa na maoni yangu pembeni, kwa kalamu ya risasi, ili bodi ziweze kuyafuta yale zisiyoyapenda.